Habari za Vita Zilipotufikia Lubaga

Lubaga, Kampala

Kwako Baba,

Kaa chini kwanza ndipo uvae miwani, maana barua hii ni ndefu na najua goti lako halipendi kusimama. Naomba ikukute mzima, wewe na Mama, na mvua za huko Kimilili ziwe zimewahurumia. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma unaitumia, au umeipanga juu ya kabati pamoja na wenzake? Mama aliniambia ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mungu asifiwe. Mimi huku sijambo kabisa. Kazi ipo, chumba hakivuji, na Jumapili naimba kwaya sauti ya pili, ingawa nyimbo ni za Kiganda na nusu ya maneno nayabahatisha.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ya amri yako kwamba jambo zito lisitumwe kwa simu. Barua inaletwa na mama mmoja wa kanisa letu anayekuja harusini Bungoma. Mpe chai, ni mtu mwema, ila anaongea sana.

Jambo lenyewe linahusu jirani yangu Sajini Olanya, Mwacholi aliyestaafu jeshini. Tunaishi ua mmoja, tunachota maji mfereji mmoja. Yeye na mkewe Mama Zainabu, Mnubi wa Bombo, wamepanga vyumba viwili vya mwisho. Mzee huenda misa pale juu kwenye kanisa kuu, mkewe hufunga Ramadhani, na tangu nihamie hapa sijawahi kusikia wakigombana kwa sababu ya Mungu. Wanagombana kwa sababu ya redio.

Ungempenda Mzee, Baba. Anaongea kama wewe, ila kwa Kiswahili cha kambini. Kila jioni anaketi mlangoni na redio yake mapajani, na wakati wa taarifa hata kuku hawaruhusiwi kupita mbele yake. Anaamini redio hiyo moja tu. Magazeti anasema yanauza vita kama mahindi ya kuchoma, yakiwa ya moto. Televisheni za ng'ambo ndizo hazitaki kabisa.

"Angalia wao, Nafula," aliniambia siku moja. "Mzungu akikufa, wanafunika yeye na shuka. Sisi tukikufa, wanaleta kamera karibu. Na wanahesabu. Vita hapana mpira, ati unahesabu mabao."

Nikamwambia, "Lakini Afande, wasipohesabu, nani atajua wangapi wamekufa?"

"Mama yake atajua. Yeye ndiye wa kwanza kujua. Halafu baba, halafu kijiji. Dunia itangoja."

Hapo nilisikia sauti yako kabisa, ile siku ulipozima televisheni ya Mjomba wakati wa chakula ukasema maiti ya mtu si pambo la sebule.

Mimi kwa upande wangu mchana kutwa niko mbele ya televisheni nisitake. Kule Kisenyi, mtaa wa Wasomali, dukani kwa Haji Warsame ninakouza spea na matairi, kuna skrini kubwa ukutani, na Haji huifungulia kituo cha ng'ambo tangu asubuhi. Wateja huja kununua bearing ya gurudumu wakaishia kupigana vita vya dunia nzima. Leo Sudan, kesho Kongo, keshokutwa Wazungu na Waarabu. Mmoja anasema hicho kituo kimenunuliwa, mwingine anasema serikali zote ni waongo, wa tatu anatoa simu kuonyesha video aliyotumiwa na shemeji yake kama ndiyo Injili. Haji mwenyewe hasemi. Anasikiliza huku akipitisha tasbihi vidoleni, halafu anauliza, "Sasa unachukua bearing au huchukui?"

Sasa, Sajini na Mama Zainabu wana mwana mmoja wa kiume, Denis. Ni koplo, na alikuwa Somalia katika jeshi la kulinda amani. Namjua vizuri. Kabla hajaondoka ndiye aliyenitengenezea kufuli ya mlango, akakataa hata soda.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafua uani. Nikasikia Mama Zainabu akipiga ukelele chumbani mwake, Baba, ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Nikakimbia na povu mikononi. Nilimkuta ameketi sakafuni, simu imeanguka mbele yake, bado inaonyesha. Ilikuwa video iliyotumwa katika kundi la wake na akina mama wa wanajeshi. Gari linaungua, vijana wamelala chini mchangani, na chini ya picha mtu ameandika kwamba ile kambi yao imevamiwa alfajiri na hakuna aliyepona. Akataja na mji. Ni kambi ya Denis.

Tukampigia Denis. Simu imezimwa. Tukapiga tena na tena. Nikawasha data yangu, nikaona kile kituo cha ng'ambo nacho kinasema wanajeshi wengi wameuawa. Wakati huohuo, mlangoni, redio ya Mzee ikasema maneno mengine. Msemaji mmoja, ambaye jina lake silikumbuki, alisema habari hizo ni propaganda za adui, hakuna kambi iliyovamiwa, hali ni shwari.

Sajini akapunguza sauti ya redio, akasimama kama anayepokea amri. "Mumesikia? Hali ni shwari. Hapana lia."

Mama Zainabu akamtazama. "Wewe unaamini hiyo kisanduku kuliko mimi? Mimi nilibeba yeye tumboni!"

"Naamini serikali yangu."

"Basi ambia serikali yako ishike simu ya mutoto yangu!"

Kufikia saa sita majirani walikuwa wamejaa. Walikuja na mabenchi, na sufuria, wengine tayari wameanza kukusanya kuni za matanga. Mzee akawarudisha wote getini, kwa heshima lakini kwa sauti ya gwaride. Alisema msiba bila mwili na bila neno la jeshi ni uchawi, na atakayelia uani kwake anamwombea mwanawe kifo. Watu wakaondoka wakinung'unika kwamba mzee ana moyo wa jiwe.

Haukuwa wa jiwe. Jumapili hakwenda misa. Nilimwona dirishani akipiga pasi sare ya Denis aliyoiacha nyumbani, anamaliza, anaikunjua, anaanza upya. Chakula nilichowapelekea nilikikuta mezani kama nilivyokiacha. Mama Zainabu alikuwa amelala kitandani akiangalia ukuta. Hawakuwa wakisemezana.

Jumatatu nilifika kazini nimevimba macho. Haji akauliza nani amenipiga. Nikamweleza, na nikamwonyesha ile video, maana Mama Zainabu alikuwa amenitumia. Haji hakuiangalia kwa muda mrefu. Aliiweka simu sikioni kama anayepokea simu, akafumba macho, akasikiliza.

"Hawa wanaopiga kelele nyuma si watu wetu," akasema. "Hiki si Kisomali. Ni Kiarabu, tena cha mbali. Hii picha ni ya vita vya watu wengine, Nafula. Mtu ameiokota akaibandika jina."

Baba, nilitaka kuruka. Nilikuwa tayari nimeshika mkoba nikimbie Lubaga. Haji akanizuia kwa mkono.

"Ngoja. Picha kuwa ya uongo haimaanishi mtoto mzima. Nina binamu mji huo, anauza maji na mafuta ya taa. Wacha niulize."

Akampigia. Waliongea Kisomali kirefu, na mimi nikawa nasoma uso wake kama mtu asomaye kitabu cha lugha asiyoijua. Akakata simu.

"Shambulio lilikuwepo," akasema. "Alfajiri. Mlango wa binamu yangu ulivunjika kwa kishindo. Wako waliokufa, hajui wangapi. Lakini si wote. Aliona helikopta zikibeba majeruhi, na wengine walipanda wenyewe kwa miguu yao."

Kwa hiyo televisheni ilikuwa na lake, na redio ya Mzee ilikuwa na lake, na kweli ilikuwa imekaa mahali pengine kabisa, mlangoni kwa muuza mafuta ya taa.

Jioni nikamweleza Sajini. Nilidhani atanishukuru. Alikasirika mpaka mshipa wa shingo ukasimama. "Msomali? Hao ndio wanaua watoto yetu, leo wanatuletea habari? Na redio imesema hakuna kitu! Wewe Mukenya, mimi nakupenda, lakini usilete kwangu maneno ya Kisenyi."

Nikarudi chumbani nikalia. Kesho yake nikamwambia Haji kwamba nimeshindwa. Saa tisa alifunga duka, kitu ambacho huwa hakifanyi isipokuwa Idi, akaingia nami kwenye gari lake mpaka Lubaga. Alibisha hodi mlangoni kwa Sajini akiwa ameshika kofia yake mkononi.

Mama Zainabu ndiye aliyefungua. Aliposikia salamu ya Kiislamu aliitika kabla mumewe hajapata nafasi ya kukataa, akatandika mkeka. Basi wakaketi wanaume wawili wanatazamana, na mimi nimesimama kizingitini.

"Mzee mwenzangu," Haji akaanza, "mtoto wa dada yangu aliuawa na watu haohao waliovamia kambi. Alikuwa na duka la simu. Alikataa kuwalipa. Kwa hiyo sikuja kama adui."

Sajini akakohoa. "Pole."

"Ahsante."

"Hii maneno ya helikopta. Wewe unaweza kuapa?"

"Siwezi," Haji akasema. "Mimi sikuona. Binamu yangu aliona, lakini aliona kwa mbali, hakuona nyuso. Mwanao anaweza kuwa ndani ya helikopta, anaweza asiwe. Nikikuambia zaidi ya hapo nitakuwa nimekudanganya ndani ya nyumba yako."

Sajini akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Lete chai." Baadaye aliniambia kwamba katika siku zote zile huyo ndiye mtu wa kwanza aliyemletea habari akamwonyesha na mahali inapoishia.

Walipomaliza chai, Mama Zainabu alisema maneno machache tu. "Olanya. Wewe umetumikia wao maisha yako yote. Kwa nini unangoja redio? Enda uliza."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda watatu, Mzee, mkewe na mimi, mpaka kwenye lango la kambi ya jeshi hapa mjini. Mzee alivaa suti yake, kofia na medali zake. Kijana wa langoni akasema hana habari, turudi nyumbani tutaitwa. Sajini hakupandisha sauti. "Mimi sikukuja kutukana serikali," akasema. "Mimi nimekuja kuuliza mutoto yangu. Nitasimama hapa. Jua ni ya Mungu." Akasimama wima kama nguzo ya umeme, na Mama Zainabu akasimama kando yake, akamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi kuwaona wameshikana.

Hatimaye akatoka luteni mmoja, mwanamke mwenye umri kama wangu. Alipoziona zile medali akapiga saluti, akatuingiza ofisini, akafunga mlango. "Mzee, nani alikuambia kuna majeruhi?"

"Msomali moja, muuza spea."

Luteni akainamisha kichwa. Nadhani aliona aibu, ingawa kosa halikuwa lake. Akasema Denis yuko hai. Amelazwa Nairobi, amepasuka bega na masikio yameumia na mlipuko. Familia zilikuwa zikipigiwa moja moja, akasema, wakianza na zile zilizofiwa.

Mama Zainabu aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka chini, akasujudu palepale kwenye zulia la ofisi. Mzee alisimama, akavua kofia, akaivaa tena, akavua tena.

Sasa, Baba, unaelewa kwa nini ndugu yangu Simiyu wa Nairobi alikuomba umwombee kijana fulani wa hospitalini akakataa kukutajia jina. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimpigia siku hiyohiyo, naye akatoka kazini akaenda na machungwa na uji kwenye chupa. Ulimlea vizuri. Alipofika kitandani alinipigia, akampa Denis simu, nami nikaiweka sauti ya juu katikati ya meza.

"Baba, ongea kwa nguvu," Denis akasema. "Sikio moja limelala."

Sajini hakumuuliza bega. Aliuliza, "Kulikuwa na shambulio?"

"Lilikuwepo, Baba."

"Redio ilisema hakuna."

Kisha Denis akasema, "Isaka amekufa, Baba. Alikuwa upande wangu wa kushoto." Isaka alikuwa rafiki yake tangu mafunzoni, aliwahi kuja hapa kula pilau ya Mama Zainabu akamaliza sufuria.

Jioni ile Mzee alikaa mlangoni bila kuwasha redio. Nikampelekea kiti changu karibu, nikakaa. Baada ya muda akasema, kama anayejisemea, "Serikali ni mzazi. Mzazi anaweza kuficha mutoto maneno, asiogope. Sikatai. Lakini mimi hapana mutoto, Nafula. Mimi ni mzazi pia."

Nikaenda kumletea chai.

Denis amerudi nyumbani sasa, mzima. Sikio la kushoto halitafunguka tena, kwa hiyo anageuza kichwa ukimsemesha, kama kuku anayetazama punje, na tunamcheka naye anacheka. Mama Zainabu amenenepa tena. Haji huja Ijumaa mara mojamoja kula pilau, na yeye na Sajini wanabishana kuhusu siasa mpaka natamani warudi kwenye mambo ya vita. Mzee bado anaamini redio yake kuliko magazeti. Bado anasema Wazungu wanapenda maiti zetu. Lakini taarifa ikiisha sasa humuuliza Denis, "Ni kweli hiyo?" na Denis anasema, "Sijui, Baba, sikuwepo," na Mzee anatikisa kichwa kwa furaha, utadhani amejibiwa swali la mtihani. Ua wetu umetulia, nami nimetulia pamoja nao.

Kitu kimoja tu kimebaki moyoni, na ndicho ninachotaka maoni yako. Denis alipopata nguvu alitaka kwenda kumwona mama yake Isaka, karibu na Bombo, siku ya maombi ya ukumbusho. Tukaenda wote. Watu wameketi chini ya turubai, padri bado hajafika, mara akatokea mwandishi wa gazeti, kijana mwembamba na kamera shingoni. Sajini akainuka kabla mtu yeyote hajasema, akamziba njia.

"Hapa hapana soko," akamwambia. "Huyu mama ana msiba. Rudi ulikotoka."

Kijana akaanza kuomba radhi, akageuka. Ndipo mama yake Isaka akatoka ndani. Ni mwanamke mfupi, mkulima wa kahawa, alikuwa na kanga begani. "Afande, wacha yeye aingie," akasema.

"Mama, hawa wataweka sura yako kwa gazeti, watu wafungie samaki."

"Wafungie. Walisema hakuna kitu ilifanyika. Kama hakuna kitu ilifanyika, mimi nimezika nani?"

Yule mwandishi akachuchumaa mbele yake akaandika, na alipomaliza mama akamwambia, "Soma nisikie." Akasoma kwamba askari mmoja kutoka eneo hilo alifariki akiwa kazini.

"Si askari mmoja," mama akasema. "Alikuwa na jina. Andika jina." Akalitaja lote, la ubatizo, la ukoo, na lile la babu yake, polepole, na kijana akaandika kila moja na kumsomea tena mpaka akaridhika.

Nikamtafuta Sajini kwa macho. Alikuwa bado amesimama njiani palepale. Kisha akaenda chini ya turubai, akachukua kiti chake mwenyewe, akakileta, akakiweka nyuma ya yule mwandishi. "Kaa vizuri, kijana," akamwambia. "Andika kila kitu."

Wewe ulisema maiti ya mtu si pambo la sebule; na jina lake je, liandikwe gazetini au lisiandikwe? Niambie unafikirije, Baba, na usiwe na haraka ya kujibu.

Nisalimie Mama, umwambie mchuzi wa karanga wa huku haufikii wake hata kidogo. Nisalimie Shangazi wa kule mtoni, mke wa kaka yangu na mtoto wake mchanga nisiyemwona bado, wazee wenzako wa kanisa, na Mjomba na televisheni yake. Denis anasema umpokee kama mwana, kwa maombi uliyomwombea bila kumjua. Ukiona nimekosea mahali popote katika barua hii, nirekebishe kama ulivyokuwa ukinirekebisha, kwa wino mwekundu.

Ni mimi, binti yako anayekupenda,

Nafula